Konde Lililokwenda Pangoni

Wifi yangu Mwanamkasi hawezi kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Sufuria zake zimepangwa kwa ukubwa, vikombe vyote vinatazama upande mmoja, na ua wake wa Jambiani anaufagia asubuhi na jioni mpaka mgeni anaona haya kuukanyaga. Kaka yangu Matar, ambaye ndiye mumewe na ni mlinzi wa hoteli, akirudi kazini huvua viatu nje ya ua, si nje ya mlango. Mimi nakaa Michenzani, ghorofa ya juu kabisa, na kila Mwanamkasi akija kunitazama huanza kwa kunipangia kabati kabla hajaniuliza hali. Ndiyo maana namtania. Mawifi wasipotaniana watagombana, na mimi nimechagua utani.

Nayasema haya mwanzo kwa sababu watu wameshaanza kuzungumza, na mtu wa mbali akisikia atadhani lililotokea Mfunguo Mosi wa mwaka huu lilitokana na uvivu. Halikutokana na uvivu. Lilitokana na usafi.

Kabla ya konde kulikuwa na mwani. Tangu ujana wake Mwanamkasi alikuwa akilima mwani, na shamba lake la pwani lilikuwa mashuhuri. Vigingi vimenyooka, kamba zimekazwa, na kila maji yakitoka yeye yumo, ameinama, anapita kamba baada ya kamba akibandua majani ya baharini yaliyonasa. Wenziwe walimwambia kwamba mwani si mtoto mchanga wa kuogeshwa kila siku. Lakini mwani wake ulinenepa kuliko wao, na mtu akifanikiwa kwa njia moja hadhani kwamba ipo njia nyingine.

Halafu bahari ikapata joto. Mwani ukaanza kuwa mweupe kwenye ncha, ukakatika, ukaelea wenyewe. Alihangaika nao msimu baada ya msimu, akiusogeza maji makubwa, akiurudisha, huku magoti yakimuuma mpaka akawa anatembea kwa kujishika kiuno. Siku aliyoingia majini akakuta kamba tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, aling'oa vigingi vyake vyote, akavifunga mzigo mmoja, akarudi navyo nyumbani akavifanya kuni. Alilia siku ile. Kisha akachukua panga, akapanda uwandani kwenye konde la mamake.

Asiyeijua kusini ya Unguja huenda akadhani uwanda ni bonde la rutuba. Si hivyo. Ni nchi ya mawe, jiwe limepandana na jiwe, makali yanayokata kandambili, na udongo umejificha kwenye vishimo katikati. Kishimo hiki ni kiganja cha udongo, kile ni beseni. Wazee hawakuwa wakitifua. Walikata vichaka, wakachoma, wakatoboa kwa mtaimbo penye udongo, wakatia mtama hapa, kunde pale, muhogo penye kina. Konde likichoka wakaliacha liote msitu, wakahamia kwingine, wakarudi watoto wakiwa wamekua. Siku hizi hakuna kwingine. Kuna ukuta wa hoteli, kuna kiwanja cha mtu, kuna barabara. Kwa hivyo konde lile lile hukatwa na kuchomwa mwaka hadi mwaka.

Na ardhi ile si ya mtu, ni ya ukoo. Una haki ya konde maadamu unalitumia na hujamdhuru mwenzio. Ukimdhuru mwenzio, unaweza kuambiwa uondoke, na ukiambiwa umeambiwa. Mwanamkasi hana kingine chochote. Nyumba ni ya kaka yangu, mwani umekufa, mnazi hana hata mmoja. Akisema "changu" duniani anamaanisha konde lile.

Basi mwaka jana, mwezi wa Agosti, kikundi chao cha akina mama kilipelekwa kwenye maonesho ya Nane Nane, kule upande wa mashamba, kwenye udongo wa kina ambao ukichimba mpaka uchoke hukutani na jiwe. Akaona mahindi yamesimama kwenye matuta, mstari kwa mstari. Akaona udongo uliotifuliwa ukalainika, hauna jani wala kisiki. Alipotoka huko alipita kwangu Michenzani, na chai yake ikapoa mezani.

"Mie nna aibu, wifi," aliniambia. "Konde langu kama jaa. Majani, mizizi, mawe. Ndo mana halizai."

Nikamuuliza mawe ya uwanda atayafanya nini.

"Ntayatoa," akasema.

Nilicheka mpaka jirani wa ghorofa ya chini akagonga dari. Nikamtolea ile methali ya kuchamba kwingi, ambayo hapa siimalizi kwa heshima ya wasomaji. Naye akaniambia niende nikafagie chini ya kitanda changu kwanza.

Lakini alikuwa hafanyi mzaha. Msimu wote wa kaskazi alikuwa uwandani. Alikata kila kichaka, na si kukata tu kama wenziwe, aling'oa visiki na mizizi yake. Akachoma. Akalifagia konde kwa ufagio wa chelewa, wallahi, kama anafagia ua, akazoa majani na jivu. Kisha akaingia kwenye vishimo, kimoja kimoja, na mtaimbo. Yale mawe yaliyokaa ndani, makubwa na madogo, akayabandua yote, akajengea bigili kuzunguka konde, ukuta wa kufika magotini ulionyooka kuliko kuta za nyumba nyingi. Udongo akauchimba mpaka chini kabisa, akaupitisha kwenye chekeche, akauchanganya na mwani mkavu uliobaki kwenye magunia nyumbani, akaurudisha laini. Kaka yangu alimsaidia siku zake za mapumziko, kwa hofu zaidi kuliko mapenzi.

Nilikwenda kulitazama Shaabani. Nataka niseme kweli: lilipendeza. Mimi ambaye sijui kunde inaoteshwa vipi nilisimama pale nikatamani niwe na konde. Udongo ulikuwa kama unga, na kila kishimo kimesawazishwa juu kwa kiganja cha mkono wake. Watu walikuja kuangalia. Bi Borafya, mwenye konde la jirani, mwanamke ambaye akikusifu jua kuna jambo, alishika kiuno akasema mashaallah, na akarudi kwake kimya. Mwanamkasi akatia mahindi na tungule, kwa mstari, kadiri mawe yalivyomruhusu, akangoja masika.

Ramadhani ilipita na vijimvua vya kudanganya. Mfunguo Mosi ukaingia, na Bi Borafya akawa anamuoza binti yake Fathiya. Mimi nilifika Jambiani siku moja kabla, na shughuli nzima ilikuwa imeelemewa na jambo moja: maji. Pampu ya kijiji ilikuwa imeharibika, mifereji imekauka, na hakuna aliyejua itatengenezwa lini. Wala hapakuwa na hofu kubwa. Kabla ya mfereji watu walikunywa kwenye pango la Mdimuni, lililoko chini ya yale makonde, na pango bado lipo. Maji yake ni baridi na meupe, unaona kidole cha mguu wako ndani yake. Bi Borafya akasema arusi ya mwanawe itapikwa kwa maji ya pango kama yake mwenyewe ilivyopikwa.

Jioni ile masika ikashuka kweli kweli, mvua ya kumwaga, mpaka watu wakashukuru. Mwanamkasi alikaa barazani akitabasamu peke yake. Aliniambia mahindi yake yataota kwa pamoja.

Asubuhi tulikuwa uani kwa Bi Borafya, wanawake tele, mafiga yamewashwa, mchele umechambuliwa kwenye sinia. Vijana wakaleta ndoo za kwanza kutoka pangoni na kuzitua. Mwenzangu mmoja akachota kata, akamimina kwenye mchele, na mchele ukawa mwekundu.

Yeye akasema ndoo chafu. Tukamimina nyingine. Nyekundu. Tukafunua ndoo zote zilizokuwa pale, na zote zilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, mazito, yenye povu la kijivu juu. Nimekunywa maji ya pango lile tangu nikiwa mtoto na sijapata kuyaona na hata chembe ya uchafu. Mama mmoja mtu mzima akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini, na mwingine akanong'ona kwamba mwenyewe wa pango amekasirika, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe ni nani kwa sababu sote tulimjua, yule jini wa Mdimuni. Bi Borafya alisimama mlangoni kwake amevaa dira yake ya arusi, anazitazama ndoo.

Mwanamkasi ndiye aliyeinama. Alitia mkono ndani ya ndoo mpaka chini, akatoa tope, akalifikicha baina ya vidole. Halafu nikamuona amevuta kitu. Kilikuwa kijikamba cha plastiki cha kijani, kifupi, kimekatwa. Taitai, ile ya kufungia mwani.

Akakitazama. Wanawake wote pale wamelima mwani, wote walikijua, lakini hakuna ambaye angeweza kukisia kilivyofika ndani ya pango. Mwanamkasi angeweza kukitupa. Namjua, na najua kwamba wazo lile lilimpitia, kwa sababu alifumba kiganja. Kisha akakifumbua.

"Huu udongo wangu," akasema. "Ule nliochanganya na mwani."

Akatoka mbio, na magoti yale. Nilimfuata nikiwa na kandambili za watu.

Sijui nieleze vipi nilichokiona. Bigili lilikuwa limesimama, limenyooka, zuri, halina hata jiwe lililoanguka. Na ndani yake hapakuwa na konde. Palikuwa na mawe matupu, meupe, yamesafishwa mpaka ndani ya mikunjo yake. Kila kishimo kilikuwa kitupu, na chini ya kila kishimo palikuwa na tundu. Tundu jeusi. Baadhi yake yalipitisha ngumi, mengine yalipitisha kichwa cha mtoto. Hapakuwa na mhindi wala mche wa tungule, na udongo ungeweza kuuzoa wote kwa kawa moja. Nilisimama nikasikia maji yanadondoka huko chini, mbali, taratibu. Nikakaa kitako juu ya ukuta.

Mwanamkasi alipiga magoti penye kishimo kikubwa kuliko vyote, kile cha muhogo wa mamake. Akaingiza mkono kwenye tundu mpaka begani, akapapasa.

"Wifi, haupo," aliniambia, kama mtu aliyeingia chumbani akakuta mtoto hayumo kitandani. "Wifi, wote haupo."

Sikumtania. Nilimshika mkono nikamuondoa pale, na mkono wake ulikuwa umechubuka wote.

Arusi ililiwa alasiri, kwa maji ya boza lililoletwa kutoka mbali, pilau likiwa limeiva vibaya na wageni wameshakasirika. Fathiya wa watu alilia, na si kile kilio cha bibi arusi. Baada ya fungate Bi Borafya akaenda kwa sheha, kiongozi wa kijiji. Hakumung'unya maneno. Mwanamkasi ameharibu maji ya watu kwa kiburi cha kutaka konde la maonesho, kwa hivyo aondolewe uwandani, na konde lile, au mawe yale, yarudi kwa ukoo. Wazee wa ukoo wakakubali kumsikiliza. Wengine walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwanamkasi alikuwa akifagia ua tu, asubuhi na jioni, halii, hasemi, na kaka yangu akanipigia simu kutoka kazini akaniambia nisirudi mjini.

Sheha ni mtu wa taratibu. Alisema kabla ya kumuondoa mtu lazima aulizwe mwenye kujua udongo na maji, akapiga simu chuoni Tunguu. Akaja binti mmoja, Shaheen, mtoto wa mjini, ukoo wao wana duka la vitambaa Darajani, mrefu, na miwani, amevaa viatu vya mvua. Alimwamkia kila mtu shikamoo mpaka nikaona aibu, maana mimi si mkubwa kiasi hicho. Tulipomfikisha kondeni alivuka bigili, akatembea kidogo, akasimama. Kisha akavua miwani akaifuta, akaivaa tena, akatazama tena.

Hakumlaumu mtu. Alituonesha tu, akichutama penye vishimo. Mvua ya masika ina nguvu, akasema, na jani lililolala juu ya udongo ndilo linalopokea pigo. Mizizi, hata ya kisiki kilichokatwa, inaushika udongo kwa chini. Nyungunyungu wanautoboa vijinjia vya kupitisha maji polepole. Udongo ukichimbwa sana, ukafikichwa, ukachomwa juu yake, unakuwa hauna kinachoushika, unakwenda na maji popote yaendako. Kule kwenye udongo wa kina yanakwenda bondeni. Huku uwandani jiwe lina matundu, na yale mawe yaliyokaa ndani ya vishimo ndiyo yaliyokuwa vizibo.

"Nliyajengea ukuta," Mwanamkasi akasema.

"Nimeuona, Bi Mwanamkasi. Mzuri sana."

"Udongo ntaupataje tena?"

Nilidhani Shaheen atatoa jibu la kitabuni. "Sijui," akasema. "Udongo wa hapa umejijenga kwa umri mrefu kuliko wa babu zetu. Sitaki nikudanganye."

Bi Borafya hakutaka hadithi ya nyungunyungu. Alitaka twende pangoni, sote, tukaone kwa macho hasara iliyofanywa, ili sheha akate shauri pale pale. Sheha akakubali. Tukateremka kwa ngazi za mawe, sheha mbele akisoma dua, Matar na tochi ya kazini na ufito mrefu alioukata njiani wa kupimia maji, Shaheen, Bi Borafya, Mwanamkasi na mimi. Tulipita penye kuchotea maji, tukaendelea ndani, mahali ambapo hakuna mtu anayekwenda kwa kumwogopa huyo mwenyewe. Pango linapanuka huko, kisha dari inashuka, na ardhi inapanda mpaka inabidi uiname.

Tope jekundu lilikuwa limetanda juu ya kila kitu. Vipande vya taitai viling'aa kwenye tochi.

"Haya," Bi Borafya akasema. "Tazameni wenyewe."

Shaheen alitaka kujua tope lile lina unene gani. Akachukua panga la Matar, akakata ukingo wa pale ardhi inapopanda, kama unavyokata mkate kuona ndani. Tope la Mwanamkasi lilikuwa juu, jekundu, unene wa kiganja. Tukalitazama. Chini yake palikuwa na tabaka jeusi. Shaheen akakata zaidi. Chini ya jeusi palikuwa na jekundu jingine, nene. Chini yake jeusi. Akaendelea kukata, anahema, na matabaka yakaendelea. Ya juu yalikuwa manene, na humo mlikuwa na vipande vya mifuko ya plastiki. Kadiri alivyoteremka yalizidi kuwa membamba, mpaka ya chini yakawa kama uzi. Yale meusi alipoyagusa yalimwacha na masizi. Yalikuwa makaa.

Sheha akauliza udongo ule umeanzia wapi.

Matar aliuchukua ule ufito akauchomeka chini, hapo hapo tuliposimama, na ufito ukaingia. Akausukuma, ukaingia. Akaulalia kwa kifua chake, na ufito mrefu kuliko yeye ukazama mpaka ukabaki wa kushika mkononi tu. Ndipo nikafahamu. Ile haikuwa sakafu ya pango. Ile ardhi iliyopanda mpaka darini, ukuta hadi ukuta, tuliyokuwa tukiikanyaga, yote ilikuwa udongo. Uwanda ambao tumeambiwa tangu utotoni kwamba Mungu hakuupa udongo, ulikuwa nao. Ulikuwa huku chini, kizani, umekaa bure.

"Haya si ya mwaka huu," Shaheen akasema. "Kila jeusi ni mwaka mmoja wa kuchoma, nadhani. Haya manene ni ya siku hizi, tangu makonde yalipoacha kupumzishwa. Haya ni makonde ya watu wote."

Nilimtazama Bi Borafya. Alikuwa ameshika pande la makaa, analigeuza, na mtandio umemwanguka begani hana habari.

"Mtama wangu," akasema, hata sijui alikuwa akimwambia nani. "Mama alikuwa akijaza dari nzima. Mie mwaka juzi nlipata pakacha moja, nkasema kima wamekula. Mwaka jana nkasema jicho la watu." Kisha akatia mkono mdomoni. "Nami nshachoma. Nlimwona Mwanamkasi konde lake lilivyopendeza, nkalipa vibarua kabla ya arusi wanitolee mawe, na hata lake lilipokwenda sikuwazuia. Jana ndo wamemaliza."

Mwanamkasi ndiye aliyegeuka wa kwanza. Alisikia kabla yetu. Upande wa pili wa pango, juu kwenye dari, kulianza kudondoka, tone, tone, kisha mchirizi. Matar akamulika. Maji yalikuwa meusi. Yalianguka juu ya tope la wifi yangu na kuanza kulifunika, meusi, mazito, na yakaongezeka mbele ya macho yetu mpaka yakawa kama mfereji uliofunguliwa wote. Nje mvua ilikuwa imeshuka.

Sijui nilipandaje zile ngazi. Nakumbuka mgongo wa Bi Borafya mbele yangu, mtu mzima na mwili wake, anapanda kwa mikono na miguu. Konde lake liko pale pale juu ya mdomo wa pango. Tulipotoka, mvua ilikuwa inapiga, na konde zima lilikuwa linatembea. Udongo uliotifuliwa juzi ulikuwa unasogea kuelekea kwenye vishimo, na vishimo vilikuwa vinaunyonya, unazunguka juu ya tundu kisha unakwenda. Kishimo kilichokuwa kimejaa nilipokitazama kilikuwa kitupu nilipokitazama tena. Nilipiga ukelele, na mimi si mtu wa kupiga ukelele.

Bi Borafya aliingia katikati, akapiga magoti penye tundu moja akaliziba kwa viganja vyote viwili. Maji meusi yakapita baina ya vidole. Alikuwa akisema la, la, la, kama anamkataza mtoto.

Mwanamkasi akavua kanga yake ya juu, akaipiga donge, akaenda akamchutamia pembeni.

"Toa mkono, Bi Borafya," akamwambia. "Jiwe kwanza. Nletee jiwe, wifi, lolote."

Nikakimbilia mawe. Nilipogeuka, nilimuona sheha, aliyekuja kumuondoa Mwanamkasi uwandani, anavua viatu vyake na kuviweka vizuri juu ya jiwe. Kisha akakunja kanzu, akauliza tundu jingine liko wapi.